Pua ya Dada

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilikuwa la mahudhurio ya kikundi. Paa likavuja, likalowa upande mmoja, na Mwenyekiti akasema daftari lililovimba halifai kuonyeshwa wageni. Wageni gani, sijui. Miaka saba sijaona mgeni pale zaidi ya kuku wa jirani. Kwa kuwa mimi ndiye katibu, nimelichukua. Kurasa za nyuma ni kavu, na humo nitaandika yale yasiyoingia kwenye mahudhurio.

Mvua imeanza leo, tena kwa fujo. Tuko wanawake kumi na wanne, na kazi yetu ni vijiti vya udi, kwenye ghala la zamani la nafaka. Tunapasua mianzi iwe myembamba, tunakanda unga wa mkaa na vumbi la mbao pamoja na unga wa gome linalonata, kisha kila mtu kwenye ubao wake anaviringisha donge kwa kiganja mpaka kijiti kivae koti jeusi. Tunaanika. Vikikauka tunavichovya kwenye mafuta ya manukato. Vumbi la mbao linatoka kwa mume wangu, seremala. Anasema mimi ndiye mke pekee anayefurahi mumewe akirudi mchafu.

Kazi ya mwisho ni ya dada yangu. Kila fungu likiwa tayari, Dada huchomoa kijiti kimoja, hukaa kwenye kigoda chake katika kona isiyo na upepo, nami mbele yake na kalamu. Anakiwasha. Ghala lote linanyamaza, hata yule tunayemwita Mashine, ambaye mikono yake na mdomo wake vinashindana kwa kasi. Dada anavuta pumzi, anasema neno moja: "Liende." Au: "Lirudi." Likiambiwa lirudi, linarudi, na hakuna anayebisha. Kwa ajili ya kazi hiyo Dada hali kitunguu asubuhi wala hajipaki mafuta yanayonukia. Hakujaliwa mtoto, mumewe alifariki zamani, anaishi kwangu. Lakini akipita njiani watu wanaonyeshana: yule ndiye pua ya kikundi. Watoto wanamwita Bibi Pua naye anaitika kwa mbwembwe.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Hakuna kilichokauka.

Jumamosi, 8 Machi

Tumerudi wanne kwa miavuli miwili, njia ya kando ya mfereji: mimi, Dada, Mashine na Mwenyekiti. Katikati ya njia harufu ya mchaichai ikatuvamia. Mashine akasema, "Nani kaoga manukato leo? Semeni mapema kama kuna posa tujiandae!" Tukacheka. Harufu ikazidi. Mwenyekiti akaanza kutunusa mmoja mmoja, na ndipo tukaona mkoba wa Dada unadondosha. Kizibo cha chupa ya mafuta ya kuchovyea, ambayo Dada huihifadhi nyumbani, kilikuwa kimelegea, na gauni lake limelowa kuanzia kiunoni hadi pindoni.

Dada alikuwa akitutazama huku anatabasamu, tabasamu la mtu asiyejua utani umeanzia wapi.

"Mnacheka nini?" akauliza.

Mashine nusura aanguke mferejini kwa kicheko, maana alidhani Dada anatania. Mwenyekiti alikuwa anasikitikia mafuta. Dada akajitazama gauni, akasema, "Ah, mafuta ndiyo maisha yangu, nimeshayazoea."

Mimi sikucheka. Huyu ni mtu ambaye mwaka juzi alijua mume wangu amebadilisha aina ya mbao kabla shemeji yake huyo hajavuka kizingiti. Leo chupa nzima imemmwagikia na anauliza tunacheka nini. Nimeingiwa na baridi ambayo si ya mvua.

Jumapili, 9 Machi

Siku nzima namvizia Dada kama mwizi. Amekula, amefua, amemsuta shemeji yake kwa kuacha viatu mlangoni. Mzima kabisa. Labda nina wazimu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya jambo la aibu na ninaliandika ili linisute. Kwenye fungu la leo nilichomeka kijiti ambacho hakijachovywa, kikavu, kisicho na harufu zaidi ya mkaa, nikahakikisha ndicho Dada atakachokichomoa. Akakiwasha. Niliziba pumzi. Moshi ukapanda. Dada hakuharakisha, alinitazama muda mrefu kuliko kawaida, mpaka nikahisi uso unaniwaka.

"Lirudi," akasema. "Hiki hakikugusa mafuta."

Nilitaka kumkumbatia mbele ya watu. Nimemsingizia dada yangu, mtu aliyenibeba mgongoni na kuniuguza surua. Jioni nimempa kipande kikubwa cha nyama na hakujua kwa nini.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Mwenyekiti ametuhutubia kuhusu kufika mapema. Yeye mwenyewe alichelewa.

Jumanne, 18 Machi

Jana nililala na homa, sikwenda kazini. Leo Mashine kaniambia mafungu matatu yalikuwa tayari lakini Dada alikataa kuyanusa. Alisema kichwa kinamuuma, wamsubiri Katibu, apate kuandika. Mwenyekiti akamwambia, "Mimi najua kuandika, mama, nilisoma." Dada akasema kesho. Leo nimekaa mbele yake, akayamaliza yote matatu kwa dakika kumi. Kichwa kimepona ghafla.

Sikuuliza. Nimegundua kwamba kuna maswali ninayaogopa.

Ijumaa, 28 Machi

Kuvu. Imeota kwenye vijiti vyote vya juzi, nyeupe kama ndevu za mzee. Tumevunja na kutupa trei kumi na moja. Mashine alivunja kimya kimya, na Mashine akikaa kimya ujue mambo yameharibika. Mnunuzi wetu, mama mwenye duka la vitu vya nyumbani mjini, ametuma ujumbe mara mbili: mzigo uko wapi?

Jumatano, 2 Aprili

Nimetoa wazo, na nimepigiwa makofi. Niliwaambia: kila nyumba hapa ina jiko la kuni, na juu ya kila jiko kuna joto linalopotea bure. Kila mtu achukue trei zake, azitundike kwa kamba juu ya jiko, mbali kidogo na moto zisiungue. Mwenyekiti aliyezoea kuyapinga maneno yangu hata kabla sijayamaliza alisema, "Katibu, leo umefikiri."

Dada peke yake aliuliza, "Na moshi?"

"Moshi unapanda unatoka, Dada. Tutafungua madirisha."

"Haya, mdogo wangu. Wewe ndiye unayejua."

Sasa trei nne zinaning'inia juu ya sufuria yangu. Mume wangu anainama akipita, anasema nimemgeuza mpangaji kwenye nyumba ya udi.

Jumanne, 8 Aprili

Vimekauka! Vinakatika kwa mlio mzuri, bila kujikunja. Ghala lilijaa vicheko. Tukavichovya, tukasubiri, na leo Dada akakaa kwenye kigoda. Fungu la kwanza: kijiti kikawaka, mchaichai ukajaa kona nzima. Dada akanitazama. Nilikuwa na furaha, nadhani nilikuwa natabasamu.

"Liende."

La pili, liende. La tatu mpaka la ishirini, liende. Hakuna hata moja lililorudi, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu kikundi kianze. Nimeandika neno hilo mpaka wino ukafifia.

Alhamisi, 10 Aprili

Mzigo umeondoka. Mvua bado.

Jumanne, 22 Aprili

Mnunuzi hajasema neno.

Jumatatu, 28 Aprili

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Mnunuzi amekuja mwenyewe, na maboksi yote. Wanawake walisimama kumpokea kama mgeni wa heshima, Mwenyekiti akamfutia kiti kwa upindo wa gauni lake. Mama yule hakukaa. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha: "Jamani, wateja wananirudishia. Wanasema wakiwasha, sebule inanuka kama mtu kapika maharage kwa kuni mbichi."

Akachomoa kijiti, akakiwasha. Tukasogea wote kumi na wanne, tukanusa. Mimi nilisikia mchaichai, mzuri, mtulivu, na chini yake sikusikia kitu.

"Kweli hamsikii moshi?" akauliza.

Mashine akasema, "Moshi upi, mama? Udi wenyewe si moshi?" Wachache wakacheka. Yeye hakucheka. Alinishika mkono, mimi niliyekuwa karibu, akanitoa nje mpaka barabarani, akaniambia nisimame pale, nivute hewa, nisiingie mpaka aniite. Nilisimama karibu saa nzima. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo, upepo unatoka upande wa mashamba, na nilijiona kama mtoto aliyetolewa darasani.

Aliponiita nikaingia, akawasha kijiti kingine, na harufu ikanipiga usoni. Jikoni kwangu. Magogo mabichi, masizi, mafuta yaliyoungua chini ya sufuria, vyote vimekaa ndani ya kile kijiti, na mchaichai umepakwa juu tu. Tulikuwa tumeuza majiko yetu. Hatukujua kwa sababu sisi wenyewe tunanuka hivyohivyo, nguo zetu, nywele zetu, ghala letu, mwaka mzima.

Niligeuka kumtafuta Dada. Alikuwa tayari ananitazama. Aliuona uso wangu, akainamisha macho.

Mnunuzi akasema hana hasira na mtu, lakini hatachukua tena hata kijiti kimoja mpaka ajue ni nani anayenusa mzigo wake. Hakumtazama Dada. Wengine wote walimtazama.

Jumanne, 29 Aprili

Kikao. Nilisimama kwanza, kabla hata Mwenyekiti hajafungua, nikasema wazo la majiko lilikuwa langu, lawama ni zangu, nipigeni mimi. Mwenyekiti akasema, "Keti, Katibu. Majiko tulitundika sote. Ndiyo maana tulimpa mtu mmoja kazi ya kutuambia tunapokosea."

Dada alikuwa kwenye kigoda chake, mikono mapajani. Hakujitetea. Hiyo ilinitisha kuliko kitu chochote. Huyu ni mwanamke anayeweza kugombana na mvua.

Mwenyekiti akapendekeza jaribio. Akaandaa vijiti vitatu: kimoja kizuri kutoka akiba ya kiangazi, kimoja cha moshi, kimoja kisichochovywa. Dada atavinusa, basi, mambo yaishe. Dada akasema, "Sawa. Lakini Katibu akae mbele yangu, kama siku zote."

"Hapana," Mwenyekiti akasema. "Ninyi ni ndugu wa tumbo moja. Watu watasema. Katibu, tafadhali tusubiri nje."

Nilimtazama Dada, naye akanitazama, na kwa mara ya kwanza maishani niliona dada yangu ananiomba kitu kwa macho. Sikuelewa ananiomba nini. Nikatoka.

Mvua ilikuwa inanyesha. Nilisimama chini ya ukingo wa paa, mgongo kwenye mlango, nikasikia kiberiti. Kimya. Kimya kirefu. Halafu sauti ya Dada: "Liende." Kiberiti. Kimya. "Liende." Sauti ilikuwa imepungua. Kiberiti. Safari hii kimya kilidumu mpaka nikajikuta nahesabu matone kwenye ndoo. Ningeweza kusukuma mlango. Ulikuwa hauna hata komeo. Nilisimama tu.

"Liende," akasema Dada.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Mlango ukafunguka, akatoka Mwenyekiti, akaja kusimama kando yangu, nje ya paa kabisa, mvua ikimlowesha kichwa. Miaka saba nimemwona kama mtu wa hotuba. Alikuwa analia bila kujifuta.

"Yeye ndiye aliyenifundisha kuviringisha," akasema. "Nisamehe, Katibu."

Sikuwa na la kumsamehe.

Jumatano, 30 Aprili

Dada ameniambia asubuhi, tukichambua maharage. Alianza bila kunitazama.

"Yalikuwa yale mafua makubwa, ya majira ya baridi. Yalipoondoka yaliondoka na kila kitu. Nilikwenda zahanati mara mbili nikikudanganya naenda kusuka. Muuguzi akanimulika puani na tochi, akasema tusubiri. Nikasubiri."

"Dada, miezi yote hiyo? Na ulikuwa unajuaje?"

Akainua kichwa. "Kwako."

"Kwangu vipi?"

"Uso wako hauna siri, mdogo wangu, tangu utotoni. Kitu kikinuka vibaya pua inajikunja upande mmoja. Kikikosa harufu unaziba pumzi. Kikiwa kizuri unasahau kwamba umekaa mbele ya watu. Nilikuwa nakusoma. Ulipokuwa na homa sikuwa na kitu cha kusoma."

Nikakumbuka kijiti kile kikavu, nikataka ardhi inimeze.

"Siku ile ya majiko," akaendelea, "uso wako ulikuwa unacheka. Nilijiambia, kama mdogo wangu anacheka, basi moshi haukuingia. Nikasema liende."

Hakusema kwa kunilaumu. Angenilaumu ningejua pa kushika. Nimechambua maharage yaleyale mara mbili.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenihurumia. Na mtu anayekuhurumia uso wake unabadilika. Ningesoma nini tena?"

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Dada hakwenda kazini. Amelala akiutazama ukuta.

Jumatatu, 12 Mei

Mwenyekiti ameleta jambo ambalo nilijua litakuja na nilikuwa naomba lisije. Kikundi lazima kipate pua, mnunuzi anataka jina. Tumejaribiwa kumi na wawili, wote isipokuwa Dada na Mwenyekiti mwenyewe, tukatolewa nje kwanza tupigwe upepo, na vijiti vikachanganywa kwa siri. Mashine alikitaja cha moshi kuwa ndicho kizuri kuliko vyote, akajicheka. Mimi nilivitaja vyote bila kukosea, hata kile ambacho Mwenyekiti alikuwa amekipunguzia nusu ya mafuta.

Nilijaribu kukosea. Naandika ukweli. Nilifungua mdomo niseme uongo, lakini Mwenyekiti alikuwa ameshauona uso wangu, akasema, "Usijisumbue, Katibu. Tumekuona."

Nilikataa. Nikasema sitakaa kwenye kigoda cha dada yangu nikiwa hai. Wakaniacha niseme, wakatazama chini, wakasubiri nimalize. Mianzi tumeshapasua. Mafuta yapo. Nyumba kumi na tatu zinasubiri. Nilirudi nyumbani nimejiandaa kugombana na Dada aniunge mkono. Alikuwa ameketi kitandani, kigoda chake kiko mbele yake. Mwenyekiti alikuwa amekileta mapema, kwa heshima. Dada alikuwa anakipangusa kwa kitambaa.

"Mguu huu mmoja umelegea," akaniambia. "Mwambie shemeji akupigilie msumari."

Jumatatu, 19 Mei

Siku ya kwanza. Jua limetoka kwa muda wa saa mbili tu, likajificha.

Dada amerudi kazini. Amekaa na waviringishaji, kando ya Mashine, na vijiti vyake vinatoka na mabonde kama barabara mbovu, maana miaka mingi hakugusa ubao. Mashine anaviviringisha upya chini ya meza bila kumwambia. Sikujua Mashine ana moyo kama huo.

Nikakaa kwenye kigoda. Nikawasha. Ghala likanyamaza. Moshi ukapanda, nikavuta pumzi, na kulikuwa na uchachu kidogo, mafuta yaliyokaa sana. Nilitaka kuhakikisha, nikavuta mara ya pili.

"Lirudi," ikasema sauti kutoka kwenye mbao za waviringishaji.

Ilikuwa ya Dada. Alikuwa ameinua macho, ananitazama, mikono imesimama kwenye donge. Lilimtoka kwa mazoea, nadhani. Wote wakamgeukia, kisha wakanigeukia mimi.

"Lirudi," nikasema.

Nilisema kile alichokuwa amekisema yeye, na yeye alikisema kwa kunitazama mimi. Mwenyekiti akaandika.

Jumanne, 20 Mei

Leo Dada ameigeuza meza yake mwenyewe. Amekaa akinipa mgongo. Hakuna aliyemwambia.

Ijumaa, 30 Mei

Mnunuzi amepokea mzigo. Ametuma ujumbe: safi sana, nani ananusa? Mwenyekiti ameniuliza amjibu nini. Nimesema amjibu anavyotaka.

Alhamisi, 5 Juni

Mvua imekwisha, inaonekana. Vijiti vinakauka nje kwa siku moja na nusu.

Dada amenikataza kuingia jikoni. Anasema pua ya kazi haikai kwenye moshi, na yeye hana cha kupoteza, kwa hiyo kupika ni kazi yake kuanzia sasa. Nimebishana naye mpaka mume wangu akatoka nje. Nilipoingia kwa nguvu alisimama mlangoni na mwiko, akasema, "Mdogo wangu, hii moja niachie."

Nimemwachia. Jioni naketi nje, upande unakotoka upepo, gauni langu limefuliwa na kuanikwa mbali na jiko. Yeye yuko ndani ya moshi, namsikia anakohoa, anasukuma kuni, anafunika maharage, anafunua. Kila baada ya muda mfupi anapaza sauti.

"Yanaungua?"

Navuta pumzi.

"Bado, Dada."